Skripti ya Anime na Amana ya Mchoraji: Mwongozo wa Kazi kwa Waandishi wa Televisheni

Mwandishi wa skripti anayehamisha manga kwenda televisheni huanza kazi akiwa ameshika mali ya mtu mwingine. Wahusika si wake, msuko si wake, na mara nyingi mwisho wa hadithi haumo hata katika juzuu zilizokwisha kuchapishwa, kwa sababu mchoraji bado yuko mezani akichora sura ya wiki ijayo. Kilicho cha mwandishi ni uamuzi: kipi kibaki, kipi kikatwe, kipi kitangulie kingine. Nchini Japani uamuzi huo haupitishwi na mtu mmoja chumbani kwake. Hupitishwa katika kikao kiitwacho hon'yomi, yaani kikao cha kusoma skripti, ambacho kwa kawaida hufanyika kila wiki na huhudhuriwa na mwongozaji, watayarishaji, wajumbe wa kampuni zilizowekeza na mhariri wa upande wa mchapishaji wa manga. Wengi wanaoingia katika taaluma hii hudhani kwamba sifa hupatikana kwa kalamu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo hupatikana, na hupotea, katika kikao hicho.

Taaluma yenyewe ina umri wa kutosha kuwa na desturi zake. Tetsuwan Atomu ya Tezuka Osamu, mfululizo wa kwanza wa anime wa nusu saa kila wiki, ilianza kurushwa tarehe 1 Januari 1963, nayo ilitokana na manga yake mwenyewe. Tangu hapo manga imekuwa ghala ambalo televisheni huchota. Sazae-san, iliyoanza Oktoba 1969 na ambayo bado ipo hewani kila Jumapili jioni, inatokana na vibonzo vya visanduku vinne vya Hasegawa Machiko, ambaye aliacha kuvichora mwaka 1974 na kufariki mwaka 1992. Maana yake ni kwamba wapo waandishi waliokula miaka mingi ya kazi wakihudumia vibonzo vya gazeti vya mtu ambaye hawakuweza tena kumuuliza swali hata moja. Hiyo nayo ni kazi ya heshima, tena ngumu kuliko inavyoonekana.

Vyeo na njia ya kuvifikia

Katika orodha ya watendaji inayopita mwishoni mwa kipindi, mwandishi hutajwa kwa namna mbili. Neno kyakuhon humtaja aliyeandika skripti ya kipindi hicho. Maneno shiriizu kosei humtaja mpangaji wa mfululizo mzima: ndiye anayegawa sura za manga katika vipindi, anayeamua msimu uishie wapi, anayependekeza waandishi wa vipindi na kusimamia sauti ya wahusika isibadilike kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Msimu mfupi, ambao watu wa fani huuita kuru, ni robo ya mwaka na una vipindi 12 au 13. Mpangaji huandika kipindi cha kwanza na mara nyingi cha mwisho, na vilivyobaki huvigawa kwa waandishi wawili, watatu au zaidi. Yapo pia mazingira ambamo mtu mmoja huandika vyote, na yapo ambamo jina la mtu halionekani kabisa: katika Kimetsu no Yaiba iliyoanza mwaka 2019, skripti ilitajwa kwa jina la studio, ufotable.

Milango ya kuingilia si mingi, na hakuna ulio mpana. Zipo shule za uandishi wa skripti, na inayojulikana zaidi ni Scenario Center ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1970. Zipo tuzo za waandishi chipukizi. Upo pia mlango wa ndani ya studio, ambao kwa maoni ya mwandishi wa mwongozo huu ndio unaofundisha zaidi: kazi ya bungei, yaani mtumishi wa idara ya fasihi. Huyu huandaa utafiti, hukusanya kumbukumbu za hon'yomi, huhakiki tarehe, umri na majina ya wahusika, na kusambaza rasimu. Hulipwa kidogo na hasikiki sana, lakini kwa mwaka mmoja huwa amesikia rasimu nyingi zikikosolewa kuliko mwanafunzi wa darasani atakavyosikia kwa miaka mitano. Anime ya Shirobako, iliyorushwa kuanzia Oktoba 2014 na inayohusu utengenezaji wa anime wenyewe, inamwonyesha msichana Imai Midori akipanda ngazi hiyo: anaanza kwa kutafutia mwandishi mzoefu habari za mambo madogo madogo, na kwa namna anavyozipanga habari hizo anaaminiwa kuandika. Hadithi ni ya kubuni, ila mpangaji wake, Yokote Michiko, ni mwandishi wa skripti wa miaka mingi na alijua anachokieleza.

Aliye nje ya studio huanza kwa kupewa kipindi kimoja kwa mapendekezo ya mpangaji. Kipindi hicho kimoja ndicho usaili. Anayewasilisha rasimu siku iliyopangwa, kwa urefu uliopangwa, huitwa tena. Anayewasilisha rasimu nzuri siku nne baadaye huwa amemla mchora storibodi siku nne, na mchora storibodi amemla mwongozaji, na mwongozaji amewala wachoraji ambao tayari hawalali vya kutosha. Kuchelewa katika fani hii hakubaki kuwa kosa la mtu mmoja.

Kusoma kabla ya kuandika

Kanuni ya kwanza ya kuhamisha kazi ni kuisoma yote, hata kama msimu utahusu juzuu tatu tu. Mchoraji hupanda mbegu mapema, na mwandishi asiyejua mbegu ipi itachipuka katika juzuu ya kumi huing'oa akidhani ni gugu. Pale manga inapokuwa haijamalizika, ni wajibu wa mpangaji kuomba, kupitia mhariri, maelezo ya mambo yatakayokuja kuwa muhimu. Si kila mchoraji atakubali kueleza. Swali hata hivyo sharti liulizwe, na jibu lihifadhiwe kama siri ya kazi.

Hesabu ya muda hufuata. Nafasi ya nusu saa, baada ya matangazo, wimbo wa kufungulia na wa kufungia, humwachia mwandishi dakika 20 na ushei. Sura ya manga ya jarida la kila wiki ina takriban kurasa 19, na kwa mwendo wa kawaida kipindi kimoja hubeba sura mbili au tatu. Kwa hiyo kuru moja hula juzuu tatu au nne. Anayebana sura tano katika kipindi kimoja hupoteza pumzi ya hadithi, kwa kuwa msomaji wa manga huamua mwenyewe akae kwenye ukurasa kwa muda gani, lakini mtazamaji hana uwezo huo. Anayetandaza sura moja katika kipindi kizima huzaa kile ambacho watazamaji wa Dragon Ball Z walikifahamu vizuri: wapambanaji wanaokodoleana macho mpaka kipindi kinaisha. Dragon Ball Z ilirushwa kuanzia 1989 hadi 1996 kwa vipindi 291, ikiwa nyuma kidogo tu ya manga ya Toriyama Akira iliyokuwa bado inaandikwa, na waandishi wake hawakuwa na hiari, iliwapasa kujaza. Ilipohaririwa upya kwa jina la Dragon Ball Kai mwaka 2009, sehemu kubwa ya ujazo huo iliondolewa. Lawama ya kujaza huangukia mwandishi, ilhali chanzo chake ni ratiba iliyosainiwa na wengine. Mpangaji makini hulisema hilo mapema, kwa maandishi, wakati idadi ya vipindi bado inajadiliwa.

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa muda ni Hagane no Renkinjutsushi ya Arakawa Hiromu. Manga ilianza mwaka 2001. Anime ya kwanza, iliyopangwa na Aikawa Sho chini ya mwongozaji Mizushima Seiji, ilianza Oktoba 2003 wakati manga ikiwa bado changa. Vipindi 51 visingeweza kusubiri. Kwa ridhaa ya mchoraji, waandishi waliachana na njia ya manga katikati na kujenga mwisho wao wenyewe. Mwaka 2009 kazi hiyohiyo ilihamishwa tena kwa vipindi 64, safari hii mpangaji akiwa Onogi Hiroshi, ikaifuata manga hadi tamati. Kipindi cha mwisho kilirushwa Julai 2010, wiki chache baada ya sura ya mwisho kuchapishwa. Mabishano kuhusu ipi bora hayataisha. Kwa mtu wa taaluma swali hilo si la msingi. La msingi ni kwamba timu ya kwanza haikujifanya kufuata njia ambayo haikuwepo. Ilitambua mapema kwamba barabara ingekatika, ikaomba ruhusa, ikajenga yake kuanzia misingi ya wahusika walewale. Wanaoiga uamuzi huo bila ruhusa na bila kujenga upya misingi huishia na hadithi yenye kichwa cha manga na mkia wa mtu asiyejulikana.

Uaminifu pia si kunakili mpangilio. Katika Shingeki no Kyojin ya Isayama Hajime, manga inaruka kutoka utotoni mwa mhusika mkuu, Eren, hadi siku za kuhitimu mafunzo ya kijeshi, kisha miaka ya mafunzo inasimuliwa baadaye kama kumbukumbu. Katika msimu wa kwanza wa anime, mwaka 2013, mpangaji akiwa Kobayashi Yasuko, mafunzo yaliwekwa mahali pake kwa mfuatano wa wakati, kabla ya vita vya Trost. Msomaji wa juzuu anaweza kurudi nyuma kurasa kadhaa akitaka kukumbuka sura ya mtu. Mtazamaji wa Jumamosi usiku hawezi. Wenzake Eren wanapokufa vitani, mtazamaji tayari amekula nao chakula cha jioni. Hakuna tukio lililobadilishwa, ila uzito umebadilika. Huo ndio uamuzi wa kitaaluma: una sababu inayoweza kuelezwa kikaoni kwa sentensi mbili.

Vibonzo vya visanduku vinne vinadai ustadi wa aina nyingine. Kila kibonzo kina mwanzo, mwendelezo, mgeuko na hitimisho, na kikiisha kimeisha. Kuviunganisha kumi kwa uzi ni kutengeneza shanga. Kipindi kinahitaji mwili. Yoshida Reiko, aliyepanga K-On! mwaka 2009 kutokana na vibonzo vya Kakifly, na Yoshida Erika, aliyepanga Bocchi the Rock! mwaka 2022 kutokana na kazi ya Hamaji Aki, walikabili tatizo hilohilo: kutafuta jambo moja ambalo mhusika analitaka kwa dakika 20, kisha kuruhusu vichekesho vitokee njiani. Anayetaka kujifunza ufundi huu hufanya vema kuweka vibonzo vya asili upande mmoja na kipindi upande mwingine, akaandika kila kilichozalishwa katikati.

Lipo jambo ambalo wageni wa fani husahau mpaka waigizaji wa sauti wanapokuwa studioni: manga husomwa kwa macho, anime husikika. Kijapani kina maneno mengi yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Kagaku yaweza kuwa sayansi au kemia. Kwenye ukurasa herufi humaliza utata, hewani hakuna herufi. Wachoraji pia hupenda kuandika neno moja na kulipa pembeni, kwa herufi ndogo za usomaji, matamshi ya neno jingine, msomaji apate maana mbili kwa wakati mmoja. Mzaha huo hufa ukisomwa kwa sauti. Kila mstari wa mazungumzo sharti usomwe kwa sauti kabla ya rasimu kutoka mkononi, na penye utata neno libadilishwe, mabadiliko hayo yakiorodheshwa ili mhariri ayaone. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna atakayeipigia makofi.

Skripti ya Kijapani ina viungo vitatu: hashira, yaani nguzo, inayotaja mahali na wakati, togaki, maelezo ya kinachoonekana na kutendeka, na serifu, maneno ya wahusika. Mwandishi hujaribiwa kuijaza togaki pembe za kamera. Hiyo si kazi yake. Storibodi itachorwa na mwingine, ambaye ana haki ya kuona kwa macho yake. Kinachotakiwa katika togaki ni tendo na hali. Hata hivyo mwandishi anapaswa kujua gharama ya kila tendo. Umati sokoni, farasi wakikimbia, vidole vikipiga gitaa, watu wakila wali kwa vijiti: kila kimoja huchukua mstari mmoja kuandikwa na siku nyingi kuchorwa. Penye umuhimu, gharama hiyo hudaiwa bila aibu. Pasipo umuhimu, umati wa sokoni waweza kusikika tu nje ya dirisha.

Ndani ya kikao

Rasimu ya kwanza huitwa shoko, na ya mwisho iliyokubaliwa huitwa ketteiko. Kati yake hupita rasimu mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Kila moja husomwa katika hon'yomi na kila mjumbe husema. Kampuni ya muziki ina haja yake, kituo cha televisheni kina kanuni zake za utangazaji, mtengeneza vinyago anataka silaha ya mhusika ionekane. Kamati ya uzalishaji, muungano wa kampuni zinazogawana gharama na mapato, ndiyo iliyoajiri studio, na wajumbe wake hawasemi kwa ajili ya kupoteza wakati.

Mwandishi mwenye busara hutofautisha ugonjwa na dawa. Mjumbe akisema mzaha uongezwe katika onyesho fulani, anachoeleza kwa kweli ni kwamba alichoka alipofika hapo. Uchovu huo ni taarifa sahihi. Mzaha ni dawa yake yeye, na huenda dawa halisi ni kuondoa onyesho lililotangulia. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa maoni yoyote si kukubali wala kukataa, bali kuuliza ni wapi hasa msomaji alianza kupotea. Maoni mawili yanapokinzana, mwandishi hayapatanishi kimyakimya nyumbani kwake. Huyataja kikaoni na kumwomba mwongozaji aamue, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya mwisho juu ya picha. Rasimu inayojaribu kumridhisha kila mjumbe hutambulika haraka. Haina mtu ndani yake.

Chombo kimoja cha kazi kinastahili kupendekezwa kwa mkazo: daftari la mabadiliko. Kwa kila kipindi, mwandishi huonyesha sura na ukurasa wa manga, kilichobadilishwa, sababu kwa mstari mmoja, nani alipendekeza, nani aliidhinisha na tarehe gani. Daftari hilo huambatishwa kwenye rasimu inayopelekwa kwa mchoraji kupitia mhariri wake. Litaonekana kama urasimu kwa anayeandika kipindi chake cha kwanza. Atakapoulizwa, miezi minane baadaye, kwa nini dada wa mhusika mkuu hakutajwa katika kipindi cha tatu, ataelewa.

Haja ya daftari hilo si ya nadharia. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilirushwa tamthilia ya waigizaji iliyotokana na manga Sexy Tanaka-san ya Ashihara Hinako. Mchoraji alikuwa ameomba kazi yake ifuatwe kwa uaminifu, na hatimaye aliandika mwenyewe skripti za vipindi viwili vya mwisho. Januari 2024, baada ya kueleza hadharani namna kutoelewana kulivyotokea, alifariki. Taarifa za uchunguzi za kituo cha televisheni na za mchapishaji, zilizotolewa katikati ya mwaka huo, zilionyesha kwamba maneno kati ya mchoraji na mwandishi wa skripti yalipita mikononi mwa watu wa kati, na kwamba kilichofika upande mmoja hakikuwa na uzito uleule kilipotoka upande wa pili. Tamthilia hiyo haikuwa anime, lakini mnyororo wa mawasiliano ni uleule. Shirobako, miaka tisa kabla, ilikuwa imechora hali ya namna hiyo: mhariri asiyefikisha maneno, studio inayoamini imeidhinishwa, mchoraji anayeona kazi yake ikigeuzwa. Katika hadithi mwongozaji alikwenda mwenyewe kumwona mchoraji, mambo yakatengemaa.

Kinachofuata kutokana na hayo ni wajibu wa aina mbili. Kabla ya kuandika, mpangaji anapaswa kuomba kukutana na mchoraji ana kwa ana angalau mara moja, na kuuliza jambo moja lililo muhimu kuliko mengine: nini katika kazi hii kisiguswe. Wapo wachoraji watakaosema hakuna, kwamba televisheni ni ya watu wa televisheni. Wapo watakaotaja kitu kidogo kisichotarajiwa, namna mhusika anavyomwita mama yake, kwa mfano. Jibu lolote liandikwe kwa maneno yaleyale na lisomwe mbele ya kikao cha kwanza, ili lisitegemee kumbukumbu ya mjumbe mmoja. Wajibu wa pili ni wa ulimi. Mwandishi halalamiki kuhusu mchoraji, mwongozaji wala kamati katika mitandao ya kijamii, hata pale anapolaumiwa kwa jambo ambalo si lake. Malalamiko yana mahali pake, napo ni kikaoni au kwa mtayarishaji, kwa maandishi.

Haki, mkataba na malipo

Sheria ya Hakimiliki ya Japani ya mwaka 1970 inafaa kusomwa na mwandishi mwenyewe badala ya kuachiwa wanasheria. Kifungu cha 27 kinampa mwenye kazi haki ya kuiruhusu ihamishwe katika umbo jingine. Kifungu cha 28 kinampa mwenye kazi ya asili haki juu ya kazi iliyozaliwa nayo. Kifungu cha 20 kinazuia kazi kubadilishwa kinyume na matakwa ya aliyeiunda, na kwa mujibu wa kifungu cha 59 haki hiyo ni ya nafsi yake, haiuziki. Skripti basi ina tabaka mbili: mwandishi ana hakimiliki ya maneno aliyoyaandika, na mchoraji ana haki zake juu ya maneno hayohayo. Ndiyo maana mwandishi hawezi kuchapisha skripti yake ya anime kama kitabu kwa uamuzi wake peke yake, na ndiyo maana studio nayo haipaswi kuitumia skripti nje ya makubaliano kana kwamba haina mwenyewe.

Mtego mmoja wa mkataba unahitaji kutajwa. Kifungu cha 61 kinasema kwamba mkataba wa kuhamisha hakimiliki usipotaja waziwazi haki za vifungu vya 27 na 28, haki hizo huhesabiwa kuwa zimebaki kwa aliyehamisha. Kwa hiyo mikataba iliyoandikwa na kampuni huzitaja, tena kwa maneno machache yanayopitwa kirahisi na jicho. Pia huwa na kipengele cha mwandishi kuahidi kutozitumia haki zake za kinafsi. Kusaini si kosa. Kusaini bila kujua ndilo kosa. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, msingi wa haki hizi si mgeni: Japani imo katika Mkataba wa Berne tangu 1899, Kenya ilijiunga mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na kifungu cha 6bis cha mkataba huo ndicho kinacholinda heshima ya kazi ya mwandishi.

Waandishi wengi wa anime hawajaajiriwa. Hulipwa kwa kipindi, na mpangaji hupata malipo ya ziada ya kupanga mfululizo. Kwa muda mrefu kazi iligawiwa kwa simu na kuaminiana. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 sheria inayowalinda wafanyakazi wa kujitegemea inamtaka anayetoa kazi kueleza masharti kwa maandishi au kwa njia ya kielektroniki mara anapoagiza, na kulipa ndani ya siku 60 tangu kupokea kazi. Kwa kazi za mwezi mmoja au zaidi, inakataza pia kumrudisha mtu kuandika upya bila malipo pasipo kosa lake. Kipengele hiki cha mwisho kinagusa moyo wa fani hii, ambamo rasimu ya saba haikuwa jambo la ajabu. Njia ya kiungwana ni kukubaliana mapema idadi ya rasimu zinazoingia katika malipo ya msingi. Kudai hivyo hakumharibii mwandishi jina, ingawa wapo wazee wa fani wanaonong'ona kinyume.

Malipo ya matumizi ya baadaye, kama vile kurudiwa hewani, hukusanywa na kugawiwa na jumuiya za waandishi, hususan Nihon Kyakuhonka Renmei. Anayepuuza kujiandikisha huacha mezani fedha zilizo zake. Ni vema pia kuhakiki jina katika orodha ya watendaji kabla kipindi hakijarushwa, kwa kuwa orodha hiyo ndiyo ushahidi wa kazi kwa miaka yote inayofuata.

Kupanda na kukabidhi

Kutoka mwandishi wa kipindi hadi mpangaji huchukua miaka, na kupanda huko hakufuati njia moja. Kobayashi Yasuko aliandika pia tamthilia za mashujaa wa mavazi maalumu, zikiwemo za Kamen Rider, ambako vitendo na ratiba humfundisha mtu kutopoteza neno. Okada Mari alihamisha manga ya Shimura Takako, Horo Musuko, mwaka 2011, mwaka uleule alioandika hadithi isiyotokana na manga, Anohana, na mwaka 2018 akaongoza filamu yake ya kwanza. Kuhamisha kazi za wengine hakukuwa chumba cha kungojea. Ndani yake alijifunza namna wahusika wa mtu mwingine wanavyopumua.

Anayefikia cheo cha mpangaji hupewa jukumu ambalo halimo katika mkataba: kulea atakayempokea. Katika msimu wa kwanza wa Shingeki no Kyojin, miongoni mwa walioandika vipindi chini ya Kobayashi alikuwa Seko Hiroshi. Msimu wa mwisho ulipoanza Desemba 2020, studio ilikuwa imebadilika kutoka Wit kwenda MAPPA, na mpangaji alikuwa Seko. Mtu aliyewahi kuandika ndani ya mpango wa mwenzake anajua ni kipi kiliachwa kwa makusudi na kipi kilisahaulika.

Si kila makabidhiano huwa na bahati ya mtu aliyekuwepo. Kwa hiyo mpangaji anayeondoka huandaa faili: daftari la mabadiliko lote, orodha ya mbegu zilizopandwa ambazo bado hazijachipuka, sura zilizorukwa na sababu zake, namna kila mhusika anavyomwita mwenzake, na maneno ya mchoraji kuhusu kisichoguswa, yakiwa na tarehe yaliposemwa. Faili hilo hupewa mtayarishaji na nakala hubaki kwa idara ya bungei, kwa sababu watayarishaji nao huhama.